Wawili Mbele ya Meza

Respicius alilitafuna neno lile njia nzima. Akiwa juu ya bodaboda, akishuka kutoka Kighare na gongo lake la kutembelea mapajani, alilitamka kimoyomoyo. Alipokaa dirishani kwenye basi la Same, alilitamka tena. Simjui. Neno dogo, halina hata mfupa, lakini lingetosha kumzika mtu.

"Baba, unaongea na nani?" Irine, binti yake, aliuliza.

"Na mguu wangu."

Irine akacheka. "Tukifika, ukiulizwa, jibu kwa ufupi tu. Usianze hotuba zako."

"Nitajibu kwa neno moja."

Mguu ule wa kushoto uliishia gotini tangu vita vya Kagera, na Ugweno nzima ilijua kisa chake. Respicius alipigwa risasi kwenye kinamasi. Mwenzake akamwambia, "Ngoja hapa, narudi na machela." Hakurudi. Siku mbili Respicius alilala majini, nzi wakimla angali macho. Jambo moja tu hakuwahi kulisema, hata kwa mama yake Irine hadi anazikwa: jina la mwenzake yule. Chuki ile aliivundika gizani kama mkungu wa ndizi, akingoja iive.

Wiki iliyopita Irine alimletea habari. "Baba, kuna mzee wa Hedaru anaitwa Eliezeri. Mlikuwa platuni moja. Mnaitwa Same mkatambuane."

Siku hiyo chuki ikaiva.

Vikundi viwili vya wapiganaji wa zamani, cha milimani Ugweno na cha barabarani Hedaru, vilikuwa vimeungana kusaidia wenzao walioelemewa. Wengi walikwenda vitani kama mgambo, na hawakubaki na hata karatasi. Basi wakajiwekea desturi. Mwenye shida hutambuliwa na mtu wa platuni yake. Wawili hao husimama mbele ya meza, na ukumbi hauambiwi yupi kati yao ndiye mwenye shida, asije akaaibika. Kila mmoja huulizwa kama anamjua mwenzake. Wakijuana, Jumamosi inayofuata vikundi vyote viwili hubeba majembe na mabati, msaragambo, kazi ya pamoja kama ya mababu, hadi nyumba isimame. Mmoja akimkana mwenzake, ushahidi wote umekufa, na ombi lile halirudi mezani.

Respicius hakutaka msaragambo wa mtu. Tangu masika yaporomoshe nyumba yake, yeye na Irine walilala kwenye stoo ya kahawa ya jirani, wakikohoa vumbi la magunia. Irine alipomtajia habari ya kuomba, alimkata kauli: "Mguu nilitoa. Mkono sinyooshi."

Ukumbini upepo wa Same ulikuwa ukipiga madirisha kwa mchanga. Wazee wa Hedaru waliwacheka wenzao wa milimani kwa kuvaa sweta.

"Mzee, vua hilo, utaiva kama kande."

"Nikivua utaona mbavu zangu, ukose hamu ya chakula."

Respicius hakucheka. Alikuwa amekwisha kumwona. Eliezeri alikaa safu ya mbele, shati jeupe limenyooshwa, viatu vinang'aa. Ombaomba aliyevaa kama bwana harusi, Respicius aliwaza. Amependeza ili ahurumiwe vizuri.

Katibu alikuwa Kuluthumu, mjane wa mpiganaji wa Hedaru. Akawaita wote wawili. Walisimama mbele ya meza, hatua moja kati yao.

"Respi," Eliezeri alinong'ona.

Respicius aliutazama ukuta.

"Mzee Eliezeri," Kuluthumu aliuliza, "unamjua huyu?"

"Namjua. Tulikuwa wote mpaka kwenye kinamasi. Hakuna aliyepigana kumzidi. Namjua kuliko ninavyojijua mwenyewe."

Respicius nusura atabasamu. Hivyo ndivyo mtu anavyolamba viatu akitaka bati. Na alambe.

"Na wewe, mzee wangu wa Kighare. Unamjua huyu?"

Sasa Respicius aligeuka, akamtazama usoni. Macho yalikuwa yale yale yaliyosema narudi. Hakuwa na haraka. Aliyaacha yangoje, kama yeye alivyongoja majini, yatumaini, yachoke kutumaini.

"Simjui."

Mnong'ono ulipita kwenye viti. Kuluthumu aliiweka kalamu chini. "Mzee wangu, mtazame vizuri. Miaka arobaini na sita si michache."

"Nimemtazama. Platuni yetu haikuwa na mtu huyu. Labda alikuwa anauza karanga stendi."

Wawili watatu walicheka, kisha wakaona wamecheka peke yao. Eliezeri alimtazama Irine kwa kitambo, akatikisa kichwa kama anayeomba radhi, akatoka nje kwenye vumbi.

Respicius alimsindikiza kwa macho hadi mlango ulipofungwa. Utamu ulimshuka kifuani, ukapita tumboni, ukafika hadi kwenye mguu usiokuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu vitani, mguu ule haukumuuma. Akajiegemeza kwenye gongo, akageuka kumwita binti yake waondoke.

Irine alikuwa amesimama, leso mdomoni.

Kuluthumu hakumtazama Respicius. Aliisogeza fomu ya ombi hadi ukingoni mwa meza, ikiwa imejazwa kwa mwandiko mzuri wa kike.

"Pole, Irine mwanangu," alisema taratibu. "Miezi mitano tumemtafuta mzee yule. Baba yako hakuwa na shahidi mwingine."