Sufuria ya Buba

Kikombe cha bati kiligonga mfuniko wa sufuria gizani.

Uani, Blandine aliacha kupepea makaa ya mbabula. Tangu mishahara ya kiwanda cha Panda ikauke, sufuria zote zilikuwa zimeuzwa ila ile ya maji ya kunywa. Na jioni hii ndimo alimoloweka majani ya buba, yale yanayolewesha samaki mtoni, apate kuua viwavi wanaotoboa tomati zake. Hakumwambia mtu.

Alikimbilia ndani na kibatari. Mwanawe mdogo alisimama kando ya sufuria. Juu ya mfuniko kikombe kilikuwa kimelowa, tone la kijani likining'inia ukingoni.

"Weye! Ulikunywa hii mayi?"

"Hapana, mama."

Alimpanua mdomo, akaunusa, akapitisha kidole juu ya ulimi. Haukuwa na harufu ya majani. Akamkumbatia hadi mtoto akalalamika. "Merci, Mungu wangu. Merci."

Kisha macho yake yakarudi kwenye kikombe. Kule chumbani, alikolala mumewe na homa, kitanda kililia mara moja, kikanyamaza.

"Papa aliomba mayi," mtoto akasema.