Barua za Mgeni Mmoja

Barua ya tatu ilisema kwamba Irmtraud alikosea mwaka kanisa kuu lilipoanza kujengwa, na ilikuwa kweli. Aliruka miaka mia nzima mbele ya watalii kumi na wanane. Alijisahihisha kabla hawajafika mlangoni, lakini hilo mwandishi hakulitaja.

"Mgeni Mmoja." Ndivyo barua zote zilivyomalizika, zimechapwa, hazina jina wala anwani. Ya kwanza ililalamika kwamba anatembea mbio kama anayefukuzwa. Ya pili ilisema amechoka, na uchovu wake unawaambukiza wageni.

Bi Siglinde, mwenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni mjini Regensburg, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia tu kwamba barua tatu ndani ya kiangazi kimoja ni nyingi. Ikija ya nne, kazi atapewa mwingine.

Kwa miaka ishirini na miwili Irmtraud alikuwa ameuonyesha mji ule bila kulalamikiwa hata mara moja: lango la Warumi, kisha kanisa kuu lenye malaika anayecheka, na mwisho Daraja la Mawe juu ya mto Danube. Angeweza kuzunguka amefumba macho. Sasa kila alipofungua kinywa alisikia sauti ya barua ikimsuta.

Nyumbani alimsimulia mumewe kila kitu, kama alivyozoea. Volkmar alikuwa amestaafu udereva wa treni tangu majira ya kuchipua, na alitamani wahamie kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake, kule msituni karibu na mpaka. Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, akamkanda mabega.

"Mji huu hauna shukrani, mke wangu," alimwambia. "Waachie mawe yao."

Huruma ile ilimkera kuliko barua zenyewe. Hakutaka kumwachia mtu chochote. Alitaka kumjua huyo mgeni.

Akaanza kuwachunguza watalii wake. Haikumchukua muda kumwona mzee mmoja mwenye koti la mvua la kijani, aliyekuja mara ya tatu sasa, peke yake, na daftari mkononi. Irmtraud akisema, mzee anaandika. Akimsogelea, mzee anafunga daftari.

Jumanne uvumilivu ulimwishia. Alikatiza maelezo yake mbele ya kanisa kuu, akamwendea mzee yule huku watu wote wakitazama.

"Bwana, kama una neno nami, niambie hapa hapa," alisema. "Usikimbilie kuandika barua."

Mzee aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Alifungua daftari akampa. Ndani mlikuwa na michoro ya penseli: ndevu za mitume, mikunjo ya mavazi, bibi wa shetani aliyechongwa karibu na mlango. Alijieleza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa mchonga mawe, kwamba mikono yake imeanza kutetemeka, na kwamba alikuwa akificha daftari kwa sababu michoro ilikuwa mibaya. Alirudi na kurudi, alisema, kwa kuwa hakuna anayeyaeleza mawe kama Irmtraud.

Irmtraud alimwomba radhi mara tatu. Kisha akaimaliza ziara ile.

Lakini hakukata tamaa. Jumatano jioni alirudia maelezo yake yote, kituo kwa kituo, kama mwanafunzi wa mtihani. Alikazia zaidi hadithi ya daraja, ambayo ndiyo wageni huipenda: fundi alimwahidi shetani, aliyemsaidia kujenga, miguu minane ya kwanza itakayovuka, na daraja lilipokwisha akavusha jogoo, kuku na mbwa.

Alhamisi alikuwa yule Irmtraud wa zamani. Kwenye lango la Warumi watu walicheka pale alipotaka wacheke, na kanisani walinyamaza pale alipotaka wanyamaze. Kisha, wakiwa bado chini ya yule malaika, bibi mmoja kutoka Kassel akazimia. Gari la wagonjwa likaitwa. Irmtraud aliwaomba wengine wamwie radhi, ziara imekomea hapo, akapanda garini na bibi yule, amemshikia mkoba wake. Hakuna aliyenung'unika. Wawili walimkumbatia.

Jumatatu Bi Siglinde alimwita ofisini, akafunga mlango. Barua ya nne ilikuwa mezani.

"Nimeisoma mara mbili," alisema. "Nilitamani isiwe kweli."

Irmtraud aliichukua. Ilikuwa na tarehe ya Alhamisi na ilihusu ziara ya siku hiyo. Ilisema kwamba kiongozi hawezi tena kusimulia hata hadithi inayojulikana na watoto wa chekechea: fundi wake alivusha jogoo, mbwa na paka, akapata miguu kumi, na badala ya kuona aibu kiongozi akacheka mpaka akafuta machozi. Ingekuwa ni huruma kwake, barua ilimalizia, kama angeruhusiwa apumzike.

Alisoma hadi mwisho, akarudi juu kwenye tarehe, akasoma tena. Ile hasira aliyotembea nayo kiangazi kizima ilimtoka ghafla. Akavuta kiti akakaa.

"Niambie ukweli, Irmtraud," Bi Siglinde alisema. "Ulisema miguu kumi?"

"Nilisema."

"Na ukacheka?"

"Nilicheka sana. Lakini Alhamisi hatukufika darajani."

Bi Siglinde alimtazama bila kuelewa. "Sasa uliyasema wapi hayo?"

Irmtraud aliikunja barua taratibu, akaiweka mezani.

"Jikoni kwangu, Jumatano," alisema. "Volkmar alikuwa anamenya viazi."