Mkanda wa Kwanza

Mkanda wa kwanza ulikuwa bado uko mezani.

Fundi wa sinema aliutazama, akaitazama mashine iliyokuwa ikinguruma. Filamu ilikuwa na mikanda mitano. Asubuhi aliutoa huo wa kwanza kwenye mkebe ili aufute vumbi, simu ikalia, akausahau. Saa ya onyesho ilipofika akaanza na mkebe wa juu, kama alivyozoea. Sasa mkanda wa pili ulikuwa umekwenda dakika kumi, na ukumbi umejaa pomoni.

Asimamishe? Wiki iliyopita filamu ilikatika mara mbili, watu wakapiga miluzi, na mwenye ukumbi akapanda ngazi mwenyewe. "Mzee, nikisikia tena mluzi hata mmoja, ufunguo niachie." Miaka thelathini kazini, na binti yake bado yuko chuoni!

Akaiacha iende. Akawa anakaa, anasimama, anachungulia kidirishani. Filamu yenyewe aliijua nje ndani. Mke wa jaji ameuawa katika mji wa wazungu. Mpelelezi mweusi aliyetoka mbali anachunguza, huku akitukanwa kila mlango anaobisha. Mwishowe jaji anakiri kwa kinywa chake. Na mkanda wa kwanza? Huo ndio unaoonyesha mpelelezi akiingia mjini: yuko mapokezi ya hoteli na mkoba wake, polisi wanamtia pingu kwa rangi yake tu, kabla hawajajua ni nani.

Safu ya mbele aliketi mwalimu aliyeandaa onyesho. Miaka nenda rudi alikuwa akisikia filamu hii ikisifiwa bila kuwahi kuiona. Kabla taa hazijazimwa aliwaambia watu, "Leo tunajifunza kutomhukumu mtu kwa rangi yake."

Jaji akakiri. Mpelelezi akafunga mkoba wake, akatoka chumbani hotelini. Fundi akaiziba taa kabla neno "Mwisho" halijatokea.

Kuwanyima watu mkanda mzima alikuona ni wizi. Huenda wakadhani ni kumbukumbu za mpelelezi. Liwalo na liwe! Akaupachika ule wa kwanza, akayaruka majina ya waigizaji. Mpelelezi akaonekana mapokezi, mkoba mkononi. Polisi wakaingia, pingu zikafungwa, mkanda ukaisha.

Fundi alifumba macho akingoja miluzi. Yakaja makofi. Ukumbi mzima ulisimama.

Kisha akasikia vishindo ngazini. Alikuwa mwalimu, anahema, uso umechangamka. Aliushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili.

"Hongera, mzee wangu! Maskini jaji wa watu, kumbe walimlazimisha akiri. Lakini mimi hawakunidanganya. Tangu mwanzo nilijua ni yule mweusi."