Kubali Yote

"Mia nane arobaini na saba!" Georges alipiga meza, vikombe vikaruka. "Washirika mia nane arobaini na saba, Mama Samy, na wote wanajua mambo ya nyumba yangu!"

"Nani alikutuma kubonyeza?" Marceline hakugeuka. Alikuwa akisonga bukari, na unga haumngoji mtu. "Kila siku weye: kubali yote, kubali yote. Hata kusoma husomi."

"Leo nimesoma!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtia Marceline wasiwasi. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kumwona mumewe akisoma hata karatasi ya dawa. Lakini Jumapili hii, tangu watoke misa, alikuwa ameketi na miwani puani akisoma sera ya faragha ya kivinjari, mstari kwa mstari, huku akifuta jasho kama mtu anayesomewa hukumu.

"Sikiliza. 'Tunaweza kuwashirikisha wengine vitu unavyotafuta, mahali ulipo, na vifaa vingine vinavyotumia akaunti yako.' Vifaa vingine! Vya nani?"

"Simu yangu, ya nani tena? Muulize Cédrick."

Cédrick, fundi wa simu wa Kikula, ndiye aliyelianzisha. Georges alinunua simu mpya akasahau neno lake la siri, na Cédrick akamwingiza kwenye akaunti ya mkewe, akasema bwana na bibi ni mwili mmoja. Tangu siku hiyo, alichotafuta huyu kilimfuata yule. Georges akitafuta matokeo ya mpira, Marceline anatangaziwa viatu vya kuchezea.

"Na hii je?" Georges akamsogezea simu hadi puani. "Tangu juzi inanifuata. Asubuhi, mchana, hata kanisani!"

Ilikuwa picha ya meza ya kazi na kiti cha magurudumu. Chini yake, kwa herufi kubwa: *Bureau yako ya pili inastahili vitu vizuri.*

Mwiko ulisimama sufuriani.

Marceline alikuwa na bureau moja pale Kikula, ofisi ya chumba kimoja ya kuchapa barua na kutoa fotokopi. Sasa alikuwa amepata chumba cha pili karibu na gare, kituo cha treni. Mwenye chumba alikuwa amemwachia ufunguo ili apime mapazia, naye aliufunga kwenye ncha ya kitenge. Hakumwambia Georges, na alikuwa na sababu. Alipofungua ile ya kwanza alimwambia. Georges akamwambia kaka yake Casimir. Casimir akaleta mkewe na kumkalisha kwenye kiti cha Marceline, na kumng'oa pale kulichukua mwaka mzima. Lakini mwenye chumba hiki kipya alikuwa mtu wa zamani. Asiposikia neno la mume kwa sikio lake mwenyewe kabla jua halijazama, kesho anampa mwingine.

"Basi yote iko wazi," Georges akasema polepole.

"Iko wazi." Aliyekutwa na manyoya mdomoni haulizwi habari za kuku.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Miezi miwili! Na unanipikia?"

"Nisikupikie juu ya nini?"

Georges akavua miwani. "Na kule... umefika?"

"Mara tatu. Ni pazuri, hapana kelele. Panataka tu mapazia."

"Mapazia," Georges akarudia, akajikalisha kitini. Kisha akainua mkono juu kama yuko mahakamani. "Mama Samy, naapa mbele ya Mungu. Nitaifunga. Wiki hii hii, nitaifunga!"

"Usiifunge!" Marceline akauacha mwiko kwenye bukari, akamfuata. "Papa Samy, tuliza roho. Nani ataumia? Miye nimechoka. Kazi ya hapa imenizidi, mtu mmoja siwezi tena. Ile ya pili itanipunguzia."

Georges alimtazama kama anamwona leo kwa mara ya kwanza.

"Na Padri akijua?"

"Anajua. Atakuja kubariki. Ameuliza tu ni saa ngapi."

"Padri?"

"Padri. Ila kitu kimoja: kaka yako Casimir asiingie mule. Hata mara moja!"

"Casimir?" Georges akaruka. "Aingie kufanya nini? Nitamvunja miguu!"

Marceline akashusha pumzi. Hakutegemea ushindi mwepesi hivyo. Hasira zote zile, kumbe mwanaume alitaka tu kuambiwa.

"Kwa hiyo unakubali?" Georges aliuliza.

"Nakubali."

"Yote?"

"Yote, Papa Samy. Ningekataa nini hapo?"

Machozi yalimlenga Georges. "Mwanamke kama weye, mu Likasi yote hayuko. Wenzangu kule kiwandani hawataamini."

"Acha maneno. Piga simu saa hii, mbele yangu. Neno lako tu ndilo linangojewa."

"Linangojewa kweli," alisema Georges. "Limengojewa sana."

Marceline akafungua fundo la kitenge, akautoa ufunguo, akauweka mezani uonekane. Akaanza kumtajia namba za mzee Isidore, mwenye chumba, lakini Georges alikuwa amekwisha kubonyeza, na simu ilikuwa sikioni.

"Allô, Noëlla chérie? Funga mizigo yako, uje leo leo. Mama Samy amekubali yote."

Hapo ndipo Marceline alipokumbuka wanaume wa Likasi wanaiitaje nyumba ndogo: bureau ya pili. Akarudi jikoni, akachomoa mwiko.