Unga wa Mbao Usiooza

Nilifungua mfuko wa kwanza kati ya miwili nikitarajia weupe. Kwenye darasa la jioni pale Voi tulifundishwa kwamba mbegu ya uyoga, ikipandwa kwenye unga wa mbao, hutandaza nyuzi nyeupe na kuulainisha mpaka ng'ombe aweze kuula. Nyasi ziliisha tangu Juni. Wakio wangu ana miezi minane, na maziwa yake ni ya ng'ombe huyu mmoja.

Hapakuwa na uzi hata mmoja. Wiki sita tangu nipande mbegu, na unga ulikuwa vile vile nilivyoushindilia, na ile rangi ya kijani hafifu niliyodhani ni ya mti mbichi.

Nikaunusa. Haukunukia uyoga wala mti. Ulinuka dawa.

Ndipo nikakumbuka kwamba fundi aliyenipa unga ule bure hukata nguzo za ua wa kuzuia ndovu kule Ndara. Nguzo hizo hulowekwa sumu kabla ya kukatwa ili zisiguswe na mchwa wala kuvu. Nami nilifurahi kuona unga safi namna ile.

Nikaita, "Mama, mfuko wa pili uko wapi?"

Mama mkwe akatoka bandani, Wakio kiunoni.

"Si ulisema leo ndiyo siku? Nilimpa ng'ombe asubuhi, nikatia na chumvi kidogo. Amekula wote, maskini, mpaka hori akalilamba. Umesoma kweli, mama Wakio."

Kwenye kidevu cha mwanangu, maziwa ya jioni yalikuwa bado hayajakauka.