Nidarizie Neno Moja

Kidole cha Tausi kilining'inia juu ya kitufe cha kulipia. Cherehani ya kudarizi aliyoitamani ilikuwa pale kwenye simu, na akiba yake yote ingeondoka kwa mguso mmoja.

"Lipa, shoga, watakuwahi!" Mwanahawa alimhimiza.

"Picha hata tapeli anayo." Tausi akampigia muuzaji kwa video. "Kaka, nidarizie neno moja, nikiona."

"Neno gani, dada?"

Tausi akamtupia rafiki yake jicho. "Kiherehere."

"Unanisema mimi?" Mwanahawa akang'aka, huku akicheka.

Muuzaji alitunga uzi kwenye sindano. Kisha cherehani ikanguruma, wanawake wale wakagonganisha vichwa juu ya simu, na sindano ikaanza kuchora K kwa uzi mwekundu.