Mate ya Kipimo

Siku hizi bomba halitoi maji mpaka ulitemee tone la mate, na mate yaonyeshe kwamba umetulia. Kifaa kinachoyapima nilikibuni mimi, baada ya miaka thelathini chuoni nikichunguza jinsi vimiminika vinavyopita kwenye vijia vyembamba kuliko unywele.

Leo asubuhi mume wangu, Sururu, alitema mara nne bila kupata maji.

"Mama Zuhura, mimi sina hasira na mtu," alisema, povu la sabuni likimkaukia usoni.

Nikatema mara moja. Nikajaza birika langu, nikafunga bomba.

"Mbona wewe hukataliwi hata siku moja?"

"Kipimo cha utulivu ni mate yangu. Maabara ilikosa wa kujitolea, nikatema mwenyewe kila asubuhi, mwaka mzima."

"Mwaka gani?"

"Ule ulipokuwa ukimlaza mwanamke mwingine kitandani kwangu."

"Lakini hukusema neno. Ulikuwa umetulia."

"Nilikuwa nakuchukia, Sururu, chuki iliyokwisha kupoa. Jifunze na wewe, utapata maji."

Alinitazama kwa muda mrefu bila kupepesa. Kisha akainama, akatema, na maji yakatoka.